Wale Saba Waliporudi Kijijini



Baba mmoja wa watoto wanne ameniletea swali ambalo nadhani litawafaa wengi, kwa hiyo namjibu hapa ukurasani ili nanyi msikie. Wanawe wameipenda mno sinema ya makauboi iitwayo The Magnificent Seven, ile ya mwaka 1960. Wamekwisha kuitazama mara tatu. Sasa wamesikia kwamba iko ya pili yake, Return of the Seven, ya mwaka 1966, nao hawampi raha mpaka awaonyeshe. Yeye, kama baba mwenye busara, ameitangulia kuitazama peke yake usiku, na haikufika nusu akaanza kupiga miayo. Anauliza: "Mtu ni yule yule, nguo nyeusi ni zile zile, muziki ni ule ule. Mbona ile ilinitoa machozi, na hii imeniletea usingizi?"

Swali hili lafaa kujibiwa polepole, maana jibu lake linatufundisha jambo juu ya hadithi, na jambo jingine juu ya kumsaidia mtu.

Kwanza tukumbushane habari yenyewe, kwa ajili ya wale wasioiona. Hadithi hii haikuzaliwa Marekani, ilizaliwa Japani. Mwaka 1954 mwongozaji Akira Kurosawa alitoa sinema ya zaidi ya saa tatu juu ya kijiji cha wakulima walioonewa na wanyang'anyi. Wanyang'anyi hao walikuwa werevu: hawakulima wala hawakupalilia, walingoja mavuno tu, ndipo waje. Wakulima wakaamua kutafuta samurai, yaani wale askari wa kale wa Japani wenye panga, waje kuwalinda. Fedha hawakuwa nazo. Ujira waliouweza ulikuwa chakula, wali. Wakapatikana saba. Wamarekani walipoiona sinema hiyo wakaipenda, na mwongozaji John Sturges akaihamishia Meksiko. Samurai wakawa watu wa bastola, na wanyang'anyi wakapata kiongozi mnene wa maneno, Calvera, aliyechezwa na Eli Wallach.

Calvera anakuja kijijini na watu wake wapatao arobaini, anakula, anachukua, na tena analalamika jinsi maisha yalivyo magumu. Katika mawazo yake wakulima ni kondoo, na kondoo ameumbwa akatwe manyoya. Basi wanakijiji watatu wanavuka kwenda mji wa mpakani kununua bunduki. Huko wanaona jambo la ajabu. Amekufa mwenyeji wa asili wa nchi ile, mmoja wa wale waliokuwa wakiitwa Wahindi Wekundu, na mgeni mpita njia amelipa gharama za maziko. Lakini watu fulani wa mji hawataki azikwe katika makaburi yao. Jeneza liko tayari, gari la farasi liko tayari, ila hakuna wa kuliendesha kwa kuogopa risasi. Mtu mmoja aliyevaa nguo nyeusi tupu, Chris, anapanda kitini na kushika hatamu. Mwingine asiyemjua, Vin, anaazima bunduki na kuketi kando yake. Wanapanda mlima huku wanapigwa risasi, nao wanamfikisha maiti kaburini.

Angalia, msomaji, jinsi hadithi ilivyojengwa kwa akili. Tumejua watu hawa ni wa namna gani kabla hawajaulizwa lolote juu ya kijiji. Wamehatarisha maisha yao kwa ajili ya maiti ambaye hakuwa ndugu yao, bila malipo. Wale wakulima wamesimama pembeni wanaangalia, na wanapomwendea Chris sisi tunaelewa mara moja kwa nini wamemwendea yeye. Wanamtolea kila walicho nacho. Chris amekwisha kupewa fedha nyingi kwa kazi yake, lakini hajapata kupewa kila kitu, na neno hilo linamchoma.

Kisha wanakusanywa mmoja mmoja, na kila mmoja ana sababu yake. Mshahara ni dola 20 kwa majuma sita. Vin, aliyechezwa na Steve McQueen, amepoteza fedha zake katika kamari, na njia iliyobaki ni kazi ya ukarani dukani. Bernardo, aliyechezwa na Charles Bronson, tunamkuta anapasua kuni ili apate chakula cha asubuhi; mtu wa ustadi wake, anapasua kuni! Britt, yaani James Coburn, haongei. Anakuja kwa kuwa anataka kujipima. Harry anakuja kwa tamaa: hawezi kuamini kwamba Chris angekubali dola 20 kama hakuna dhahabu iliyofichwa mahali. Lee, aliyechezwa na Robert Vaughn, anajificha, na tunakuja kugundua kwamba mikono yake hutetemeka na usiku hupiga kelele usingizini. Chico ni kijana mwenye majivuno, anayewadharau wakulima kwa kuwa yeye mwenyewe ni mtoto wa wakulima.

Huko kijijini ndiko utamu ulipo. Vita vinakuja, lakini kabla ya vita kuna siku za kuishi pamoja. Wageni wanawafundisha wanakijiji kupiga bunduki na kujenga kuta. Watoto watatu wanamganda Bernardo na kumwambia kwamba baba zao ni waoga. Bernardo anamshika mmoja na kumchapa, kisha anawaeleza kwamba kubeba bunduki si ushujaa. Baba anayebeba mzigo wa mke na watoto na shamba, kila siku, bila kuwa na hakika ya mavuno, huyo ana ushujaa ambao Bernardo mwenyewe hakuuweza. Maneno hayo yafaa kila mtoto wa kiume ayasikie, na ni heri ayasikie kwa mtu mwenye bastola kiunoni, maana akiyasema baba mwenyewe hayaingii.

Halafu watu wa kijiji wenyewe wanawasaliti. Baadhi yao, kwa hofu, wanamfungulia Calvera mlango, na wale saba wanakamatwa. Calvera anawaachilia waende zao, na nje ya kijiji anawarudishia hata silaha zao, kwa kuwa hawezi kufikiri kwamba mtu mwenye akili angerudi kupigania watu waliomuuza. Lakini wanarudi. Hata Harry, aliyekataa, anatokea katikati ya vita kumwokoa Chris, na anapokata roho anataka kusikia kwamba dhahabu ilikuwapo. Chris anamwambia ilikuwapo, ili afe kwa furaha. Lee anaushinda woga wake kwa dakika moja, anawafungua wanakijiji waliofungiwa, anauawa. Britt anakufa. Bernardo anakufa akiwakinga wale watoto. Na hapo wakulima, wale kondoo wa Calvera, wanatoka na majembe na mapanga na mashoka na viti vya nyumbani, na wanyang'anyi wanashindwa. Calvera naye anapokufa anauliza kwa nini mtu kama Chris alirudi mahali kama pale. Hajibiwi.

Mwisho wanabaki watatu. Chico anabaki kijijini na msichana Petra, anavua mkanda wa bastola, anarudi shambani. Watoto wanapeleka maua kaburini kwa Bernardo. Chris na Vin wanaondoka, na Chris anakiri kwamba mzee wa kijiji alisema kweli: walioshinda ni wakulima peke yao.

Basi, msomaji, sinema hiyo imefungwa. Imefungwa kama nyumba ambayo mwenyewe amezima taa, akatia kufuli, akaondoka na ufunguo. Anayetaka kuingia tena sharti avunje mlango. Hivyo ndivyo ilivyofanya ile ya mwaka 1966.

Habari ya sinema ya pili ni hii. Watu wa bunduki hamsini wanavamia kijiji na kuwachukua wanaume wote jangwani, na Chico yumo. Mkewe Petra anakwenda kumtafuta Chris, ambaye amechezwa tena na Yul Brynner. Chris na Vin wanakusanya wengine: wawili, Frank na Luis, wanatolewa gerezani, Colbee, aliyechezwa na Warren Oates, ni mpenda wanawake, Manuel ni kijana wa kupiganisha majogoo. Wanagundua kwamba tajiri mmoja mwenye mashamba makubwa, Lorca, anawafanyisha wanaume wale kazi ya utumwa. Wanajenga upya kijiji kilichobomoka na kanisa lake, liwe ukumbusho wa wana wake waliokufa. Wale sita wanawafukuza walinzi, Chico anatimiza idadi ya saba, na vita vinaanza. Manuel anagundua akiba ya baruti. Frank na Luis wanakufa, Chris anamuua Lorca, watu wa Lorca wanakimbia. Chris na Vin wanaondoka pamoja kama mwanzo.

Sasa, usifikiri kwamba kazi hii ilifanywa na wasiojua kazi. Mwongozaji Burt Kennedy alikuwa amekwisha kuandika hadithi nzuri za makauboi, kama Seven Men from Now ya mwaka 1956 na The Tall T ya mwaka 1957. Lorca alichezwa na Emilio Fernández, naye alikuwa mwongozaji mashuhuri wa Meksiko, ambaye María Candelaria yake ya mwaka 1943 ilipata tuzo kuu huko Cannes mwaka 1946. Padre wa hadithi alichezwa na Fernando Rey, Mhispania aliyejulikana sana. Muziki ni wa Elmer Bernstein, ule ule, na ulikuwa mzuri kiasi kwamba ulitajwa kugombea tuzo ya Oscar mara mbili, kwa sinema ya kwanza na tena kwa hii ya pili. Kwa hiyo ustadi ulikuwapo, na fedha zilikuwapo. Upungufu uko mahali pengine, nami nauona mahali patatu.

Kwanza, watu. Wanne katika wale saba walikwisha kuzikwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Kati ya watatu waliobaki hai, alirudi Brynner peke yake. Vin akawa mtu mwingine, Robert Fuller. Chico akawa mwingine, Julián Mateos. Hata Petra akawa mwingine. McQueen mwaka ule ule wa 1966 alikuwa ndani ya The Sand Pebbles, kazi iliyomfanya atajwe kugombea Oscar. Kubadili sura ya mchezaji si dhambi. Shida ni kwamba sinema ya pili inadai tuwapende watu wapya kwa sababu tuliwapenda wa zamani. Inawakusanya haraka haraka, kama mtu anayejaza nafasi zilizo wazi katika orodha ya wafanyakazi: huyu mkimya, huyu mcheshi, huyu kijana, haya, saba wametimia, twende. Ya kwanza ina dakika 128. Ya pili ina 95. Zile dakika zilizopungua ndizo ambazo Bernardo alipasua kuni, ndizo ambazo Lee alitetemeka gizani. Kwa hiyo Frank na Luis wanapoanguka, sisi tunahesabu tu: mmoja, wawili. Bernardo alipoanguka hatukuhesabu.

Pili, adui. Hapa ndipo ninaposikitika zaidi, maana hapa sinema ya pili ilikuwa na kitu kikubwa mikononi kuliko ile ya kwanza, ikakiacha kianguke. Calvera ni mwizi wa chakula. Tumbo lake likijaa ameridhika. Lorca ni baba aliyefiwa. Amepotelewa na wana wake, na huzuni yake imegeuka kuwa mjeledi. Anataka kumjengea Mungu nyumba kwa migongo ya watu aliowatenga na wake zao na watoto wao. Fikiri jambo hilo, wewe uliyepata kubeba mawe na kokoto kwa hiari yako ukasaidia kujenga kanisa la kijiji chenu! Je, kuta zilizosimamishwa kwa mjeledi zaweza kuwa nyumba ya sala? Padre aliyekamatwa pamoja na watu wake amwambie nini tajiri huyo, ambaye machozi yake ni ya kweli na ukatili wake ni wa kweli vilevile? Na je, wanakijiji walioteseka wakiisha kuwa huru, walibomoe kanisa lile au walimalize? Maswali hayo yangetosha kwa sinema nzima. Yanaguswa kidogo, kisha risasi zinaanza, na kanisa linakuwa mahali pa kupigania kama zizi au duka. Kama mtungaji angekaa hapo, huenda leo tungekuwa tunabishana ipi kati ya hizo mbili ni bora.

Tatu, wanakijiji, na hili ndilo jambo lenyewe. Ile ya kwanza ilikwisha kwa ushindi wa wakulima. Ilipotengenezwa huko Meksiko, wasimamizi wa serikali ya nchi hiyo walikuwa macho kuona kwamba wakulima wa Kimeksiko hawadhalilishwi. Ndiyo sababu wakulima wanakwenda mjini kununua bunduki wapigane wenyewe. Shauri la kuajiri watu ni la Chris. Huenda watengenezaji waliona usimamizi huo kuwa kero, lakini mimi nasema uliisaidia hadithi. Iliwapa wakulima mgongo. Waliogopa, wakasaliti, wakatubu kwa vitendo, wakashika majembe. Mtu huona fahari kuwa mkulima akiisha kuiangalia.

Sasa ili wale saba warudi, kijiji sharti kiwe dhaifu tena. Hakuna njia nyingine. Daktari hawezi kurudi kwa mgonjwa aliyepona, mpaka mgonjwa augue upya. Kwa hiyo sinema ya pili inawanyang'anya wakulima ushindi ambao ya kwanza iliwapa. Wanaume waliokimbiza jeshi la Calvera kwa mashoka wanachukuliwa kama ng'ombe. Wanapofunguliwa na kuombwa wasaidie, wanainamisha vichwa. Na kinachokuja kuokoa mambo vita vikiwa vibaya ni akiba ya baruti. Linganisha, msomaji: mara ya kwanza mambo yaligeuka kwa moyo wa watu, mara ya pili kwa vilipuzi vilivyokutwa ndani. Hata mwisho adui anashindwa kwa sababu mkubwa wao ameuawa na Chris.

Tena angalia kichekesho hiki. Vita vikiisha, Colbee anaamua kubaki awafundishe wanakijiji kujilinda. Lakini somo hilo si lilikwisha kufundishwa mwaka 1960? Bernardo na wenziwe walilifundisha kwa damu yao! Ni kama mwalimu anayeingia darasa la tano akaanza tena a, e, i, o, u, na watoto wale wale waliokwisha kufaulu wakajifanya hawajui. Ndiyo maana baba yule alipiga miayo. Moyo wake ulitambua, kabla akili haijasema, kwamba kazi ya wale wanne waliokufa imefutwa ili kazi mpya ipatikane.

Baada ya hapo njia ilikuwa ya kuteremka. Mwaka 1969 ikatoka Guns of the Magnificent Seven, na Chris sasa ni George Kennedy. Mwaka 1972 ikatoka The Magnificent Seven Ride!, na Chris ni Lee Van Cleef. Jina limebaki, mtu hayupo. Naye Brynner mwaka 1973 alicheza katika Westworld, habari ya watu wa siku zijazo wanaokwenda kujiburudisha katika mji wa makauboi wa bandia. Humo amevaa nguo nyeusi kama zile za Chris, lakini safari hii ni mashine yenye sura ya mtu. Ikipigwa risasi huanguka, hutengenezwa, na kesho hutembea tena barabara ile ile. Sijui kama walikusudia kejeli. Mimi nacheka kila ninapoikumbuka, maana kuirudia hadithi bila moyo mwisho wake ni huo: nguo zinatembea peke yake. Hadithi yenyewe ilirudi tena katika televisheni kuanzia mwaka 1998, na katika sinema mpya ya mwaka 2016, Denzel Washington akiwa mkubwa wa wale saba. Hizo zilianza upya tangu mwanzo, na kuanza upya ni afadhali kuliko kuvunja mlango.

Yupo atakayesema kwamba kila sinema ya pili ni mbovu. Hapana, tusiseme hivyo. Chukua mfano wa karibu kabisa. Kurosawa huyo huyo wa Japani alitoa Yojimbo mwaka 1961, na mwongozaji wa Kiitalia Sergio Leone akaigeuza kuwa habari ya makauboi, A Fistful of Dollars, mwaka 1964, na Clint Eastwood ndani yake. Mwaka 1965 akatoa For a Few Dollars More, na watu wengi huiona kuwa bora kuliko ya kwanza. Mwaka 1966, mwaka ule ule wa Return of the Seven, akatoa The Good, the Bad and the Ugly, iliyo bora kuliko zote. Aliwezaje? Hakukirudia kijiji. Mtu wake ni mpita njia, hana nyumba aliyoijenga ambayo sharti ibomoke ili yeye arudi. Na kila mara Leone alimletea mtu mpya mwenye kisa chake. Katika ile ya 1965 mtu huyo ni kanali mtu mzima, anayemsaka mwuaji kwa sababu ya dada yake, na kisa hicho tunakipata polepole mpaka mwisho. Aliyemcheza kanali ni Lee Van Cleef, yule yule aliyekuja kuvaa nguo za Chris mwaka 1972. Ustadi wa mtu ni ule ule, lakini mara ya kwanza alipewa mtu wa kumcheza, na mara ya pili alipewa jina tu.

Kwa haki niseme pia mema ya Return of the Seven. Brynner anatembea kama mfalme, na hakuna aliyejua kusimama kimya kama yeye. Warren Oates anachekesha bila kujilazimisha. Muziki wa Bernstein ukianza, hata mzee aliyesinzia atanyoosha mgongo. Mtu anayetaka dakika 95 za farasi na vumbi hataibiwa. Ila wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sinema hii inajitembeza kwa jina la kaka yake.

Sasa nimjibu yule baba. Waonyeshe watoto, usiwakataze. Ukiwakataza wataitazama kwa jirani, tena bila wewe. Lakini keti nao, na ikiisha waulize maswali mawili. La kwanza: mtaje kwa majina waliokufa katika sinema ya kwanza, kisha waliokufa katika ya pili. Utaona wenyewe wanakwama, na hapo wamejifunza juu ya hadithi zaidi ya mahubiri yangu yote haya. La pili: ni kijiji kipi kilichosaidiwa vizuri zaidi, cha mwaka 1960 au cha mwaka 1966? Hapo waache wabishane.

Ubishi huo utawafaa hata wakiisha kusahau majina ya farasi na bastola. Maana katika maisha watakutana na wasaidizi wa namna mbili, na siku nyingine wao wenyewe watakuwa wasaidizi. Yuko anayekuja, anafundisha, anaumia pamoja nawe, kisha anakuacha umesimama kwa miguu yako, naye anaondoka akijua kwamba ushindi ni wako. Na yuko ambaye hadithi yake haiendelei ila wewe uwe chini. Huyo wa pili anaweza kuwa mtu mwema kabisa, mwenye nguo nzuri na muziki mzuri nyuma yake. Lakini akibisha hodi mara ya pili, yafaa mwenye nyumba amuulize kwa upole: je, tumekuita, au umetukumbuka kwa kuwa huna kazi?

Haya, ndugu msomaji. Kama nawe unayo sinema uliyoipenda na ya pili yake ikakuvunja moyo, au ikakushangaza kwa uzuri, niandikie nisome. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.